Kauri Zilizong'aa

Wapo watu wenye kadi yangu majumbani mwao. Nyingine ziko hapa Malindi, nyingine Kilifi mjini, chache zilivuka bahari zikafika Muscat, na kadhaa zilibebwa na wageni waliolala Watamu. Utaitambua ukiiona: karatasi ya manila iliyokunjwa, maandishi ya wino wa kijani, na kauri ndogo moja au mbili zimegandishwa pembeni. Aliye nayo asiitupe. Ila asiendelee kunisifia, maana kauri hiyo ilikuwa hai ilipotolewa baharini, na mimi nilijua kwamba ilikuwa hai.

Mwanzo wake ulikuwa mwema, au nilijidanganya hivyo. Kila mwaka mitihani ya taifa ikikaribia, vibanda vya mjini hujaa kadi za kuwatakia watahiniwa heri. Sisi tuliokulia chini ya KCPE, iliyoanza mwaka 1985, na KCSE, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, tunajua kadi hizo zilikuwa na uzito gani bwenini. Zilitungwa kwenye uzi juu ya kitanda, na mwenye kitanda kisichokuwa na uzi alijulikana. Baadaye zikaja zile za kuimba: unaifungua inalia, unaifunga inanyamaza, mpaka betri inaanza kukata roho katikati ya wimbo.

Mimi nina wapwa wengi. Ulipofika mwaka ambao kila dada yangu alikuwa na mtahiniwa nyumbani, nilisimama mbele ya kibanda nikapiga hesabu, nikaona naambiwa nitoe pesa za mchele wa wiki kwa makaratasi. Nikarudi mikono mitupu na kutangaza kwamba tangu leo kadi natengeneza mwenyewe.

Sababu niliyoitoa mbele za watu ilikuwa ya heshima. Nilisema kadi ya dukani ni salamu ya mtu asiye na wasaa. Hata ushahidi nilikuwa nao: kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilitolewa London mwaka 1843 na Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyelemewa na barua za kujibu. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha, zikachapwa nakala 1,000, naye akabaki na kazi ya kujaza majina tu. Nilipenda sana kuisimulia habari hiyo kwenye shughuli za watu. Sababu ya kweli, ambayo sikumsimulia mtu, ilikuwa ubahili. Nilitaka zawadi ambayo haitanigharimu chochote. Na kwa muda mrefu niliamini nimeipata.

Kadi za mwanzo zilikuwa mbaya, tusidanganyane. Gundi ilivimbisha karatasi, na rangi za watoto za penseli zilifanya kila ua lionekane limenyauka. Wapwa wangu walishukuru kwa adabu. Sikuuliza kama walizitundika. Shangazi yangu aliishika moja kwa ncha za vidole, akaigeuza huku na huku, akasema zamani wakialikana harusi mtu alivaa buibui lake akapita nyumba kwa nyumba, akaalika kwa mdomo wake. "Kama hukuja mwenyewe," akaniambia, "hiyo ni karatasi tu, hata uipambe vipi." Nilicheka, lakini neno "uipambe" nilikwenda nalo nyumbani.

Ndipo nikafikiria kauri. Idi ilikuwa imekaribia, nami nilikuwa na makombe niliyoyaokota ufuoni kwa miaka, yamejaa kwenye kopo la maziwa. Nikagandisha mawili matatu kwenye kadi, nikaandika Idi Mubarak kwa wino wa kijani, nikaona kitu kimebadilika. Kadi ilikuwa na sura ya mahali. Wifi yangu aliyeolewa Muscat aliipiga picha akawatumia wenzake, wakamuuliza inauzwa wapi. Dada mmoja wa duka la zawadi katika hoteli ya Watamu akataka nimletee za kujaribu. Zikaisha. Akataka nyingine. Hapo nikaacha kuwa anti mbahili nikawa fundi, na sifa za ufundi ni tamu kuliko halua.

Kopo lilipoisha nikaona tatizo. Kauri unayoiokota mchangani, iliyokwisha kupigwa na jua na mawimbi, imechujuka. Rangi imekufa na mgongo umekwaruzika. Wageni walizipita. Walichukua zile zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Basi nikawaambia watoto wa mtaani, wale wanaoshinda ufuoni shule zikifungwa, waniletee kauri nami nitawapa chochote. Walipoleta mchanganyiko nilizitandaza kwenye sinia mbele yao. Zilizochujuka nikazisukuma kando. Zilizong'aa nikazilipa. Sikuhitaji kusema zaidi. Mtoto wa Pwani si mjinga, na safari iliyofuata hakukuwa na hata moja iliyochujuka.

Hapa sina pa kujificha. Kauri hung'aa kwa sababu moja. Mnyama aliye ndani hutoa ngozi yake laini nje, akaifunika gamba lote, akaliosha na kuliongeza unene siku zote za maisha yake. Akifa, hakuna tena wa kulifunika, na mchanga huanza kulisugua. Kwa hiyo kauri inayometa ama imekufa juzi juzi, ama imeuawa. Mjomba wangu alikuwa mvuvi na alinieleza jambo hili nikiwa mdogo kuliko wale watoto. Sikulisoma kitabuni nikiwa mtu mzima, nikashtuka. Nililijua toka zamani, na nilinunua.

Kama elimu ya mjomba haikutosha, pua ilitosha. Kauri hai haiwi pambo mpaka kilichomo kitoke. Nilizichemsha kwenye sufuria bovu nyuma ya nyumba. Zile ambazo hazikutoka vizuri nilizizika uani, sisimizi wanisaidie. Jirani akaja kuuliza ni kitu gani kimeoza, nikamwambia ni paka. Nilimsingizia paka! Na kuna bahasha moja iliyopita mikono ya posta za nchi mbili ikafika Muscat ikinuka kiasi kwamba wifi yangu aliifungulia kwenye roshani. Alinipigia simu akicheka mpaka machozi yanamtoka. Nikacheka naye. Baadaye nikajifunza kuchemsha kwa muda mrefu zaidi. Hilo ndilo funzo pekee nililolichukua wakati ule.

Kisha liko suala la mahali zilikotoka. Mtu wa Malindi haulizi. Ufuo ulio mbele ya mji wetu hulishwa na mto Sabaki. Msimu wa kaskazi mto huo husukuma udongo wake kusini mpaka ghuba nzima inageuka rangi ya chai ya maziwa. Kauri nzuri haziko huko. Ziko kusini, upande wa Casuarina, kwenye matumbawe, na huko ndiko iliko hifadhi ya bahari. Malindi na Watamu zilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza kabisa za bahari barani Afrika, na mwaka 1979 UNESCO ikaziingiza katika orodha yake ya maeneo ya dunia yenye viumbe vya kutunzwa. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kutoa kitu, kiwe samaki, tumbawe au kombe tupu. Niliwahi kuwapeleka wageni wangu huko kwa mashua ya kioo nikawaeleza sheria hiyo kwa fahari, kana kwamba niliitunga mimi. Jioni yake nilipokea mfuko wa plastiki wenye kauri zilizolowa, nikalipa, na sikumuuliza mtoto alikuwa wapi bahari ilipokupwa.

Visingizio nilikuwa navyo, na vingine vilikuwa vya kisomi. Nilisema kauri za pwani hii zimechukuliwa kwa karne nyingi na hazijaisha. Ni kweli kwamba katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizinunua kupitia Zanzibar, wakazijaza merikebuni na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Walizimwaga kwa wingi hata thamani yake ikaporomoka. Kama merikebu hazikuzimaliza, gundi yangu ingeweza? Lakini merikebu zile hazikuikuta bahari tuliyo nayo sisi. Mwaka 1998 maji yalipata joto kali, na matumbawe ya Kenya yakageuka meupe na kufa kwa sehemu kubwa. Mwamba uliokwisha kupigwa hivyo ndio niliokuwa nikiwatuma watoto wakapindue mawe yake. Na jiwe likipinduliwa na kuachwa hivyo, vyote vilivyokuwa vikiishi upande wa chini hufa juani, hata kama kauri haikupatikana.

Kisingizio kingine: kombe lililokwisha kufa si la mtu. Hiki ndicho nilichokipenda zaidi, kwa kuwa kilinifanya nijione tofauti na wauzaji wa makonokono makubwa ya kupuliza. Lakini watafiti waliwahi kurudi kwenye ufuo mmoja wa Catalonia, Hispania, ambao makombe yake yalihesabiwa kati ya mwaka 1978 na 1981, wakayahesabu tena kati ya 2008 na 2010. Watalii walikuwa wameongezeka karibu mara tatu, na makombe yamepungua kwa kiasi kama hicho. Hakuna mtalii aliyebeba gunia. Kila mmoja alitia kidogo mfukoni, kama nilivyosema mimi: kidogo tu. Na ufuoni kombe tupu lina wenyewe. Kuna yule kaa asiye na gamba tumboni, anayehama kutoka kombe dogo kwenda kubwa kadiri anavyokua. Akilikosa, tumbo lake laini hubaki wazi kwa kila mwenye mdomo. Kombe likisagika nalo huwa mchanga. Weupe wa ufuo wa Watamu, ambao watu hupanda ndege kuja kuulalia, umetoka kwa kiasi kikubwa kwenye matumbawe na makombe yaliyosagwa.

Lakini sikuacha kwa sababu ya Catalonia. Hayo niliyasoma baadaye, nikitafuta wa kulaumu.

Kuna mzee wa Mayungu ambaye hutuuzia pweza. Siku moja alikuja na pweza mmoja mdogo wa aibu, akaketi kwenye kibaraza, akaomba maji. Nikamuuliza bahari ina nini siku hizi.

"Bahari haina neno, mwanangu," akasema. "Watoto ndio wana neno. Wanafagia milango."

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba pweza hula kaa na kauri na makombe, na akimaliza hutupa magamba mlangoni kwake. Mvuvi anayetembea mwambani na fimbo yake ya chuma hatafuti pweza, kwa kuwa pweza hujigeuza rangi ya jiwe na hutamwona. Anatafuta taka zake. Akiona kilima kidogo cha makombe mbele ya tundu, anajua mwenyewe yumo ndani.

"Sasa watoto wamezoa taka zote," akasema. "Na chakula cha pweza wamezoa. Napita mlangoni kwake kama kipofu. Nasikia kuna mama hapa mjini anazinunua, anazibandika kwenye makaratasi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nyuma yangu, juu ya meza, kulikuwa na makaratasi yamekaushwa tayari kupelekwa Watamu. Ningeweza kusema, ni mimi. Nilichosema ni kwamba mambo ya dunia yameharibika. Nikanunua pweza wake kwa bei aliyoitaja bila kuomba apunguze, nikampika kwa nazi, tukamla. Na kadi zile nilizimaliza na kuzipeleka, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha pokea malipo ya awali. Hilo ndilo ninaloliona zito kuliko kauri zenyewe. Kabla ya siku ile niliweza kusema sikufikiri. Baada yake nilifikiri kila siku, na mikono ikaendelea kupaka gundi.

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilishinda. Kilichonisimamisha ni soko. Mgeni mmoja aliogopa kupita uwanja wa ndege na kadi yenye kauri, akairudisha dukani, na yule dada akaniambia kwa upole nilete za aina nyingine. Nikarudi nyumbani nimenuna, mtu aliyeonewa! Nikaanza kuwaza mabawa ya vipepeo.

Kwa ajili hiyo nikaenda Gede. Pale kwenye magofu upo mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 ili wakazi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wapate riziki bila kuukata. Msitu huo una eneo la kilomita za mraba 420 hivi, na wanaouzunguka wengi wao ni watu wa jembe na mahindi. Wanachukua vipepeo wachache wazazi, wanafuga viwavi kwa majani wanayoyajua wenyewe, na viwavi wakigeuka kuwa pupa husafirishwa Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho, watoke vipepeo huko. Nilimuuliza mama mmoja kama ana mabawa ya kuniuzia. Alinitazama kama niliyemuuliza muuza maziwa kama ana kwato. "Sisi tunauza walio hai," akasema. Akaendelea kuchambua majani yake.

Nilikaa kwenye matatu ya kurudi nikiwa nimejaa aibu ambayo pweza hakuweza kunitia. Yule mama alikuwa na msitu mzima nyuma ya nyumba na njaa ya kweli ya kumsukuma, na alikuwa amejifunza kuchukua bila kumaliza. Mimi nilikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Nilichotaka ni kutoa zawadi bila kulipa, na bili yangu nikaiacha kwenye mwamba, kwa kaa, kwa pweza na kwa mzee wa Mayungu.

Kwa mzee nilikwenda baadaye, nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, nikaanzia mbali, kwenye mitihani ya wapwa. Akanikatiza. Alijua siku ileile, akasema. Kadi alikuwa ameziona mezani akinywa maji. "Hukushangaa bei ya yule pweza?" akaniuliza.

Kadi bado natengeneza. Fundi wa nguo hapa mtaani huniuzia vipande vya leso, navyo vikikatwa vizuri hupendeza kuliko kauri, ingawa wageni hawasemi hivyo. Maganda ya migomba nayanunua huko Ganda kwa mama anayeyakausha na kuyapasua vizuri, na naye anajua bei yake. Kamba za mkonge zinatoka Vipingo. Lakini kinachonifurahisha siku hizi ni champali. Bahari hutapika champali zilizokatika bila kukoma, za rangi zote, na ukizikata kwa wembe unapata samaki, mashua, hata herufi. Wapo waliolitambua hilo kabla yangu: kule kaskazini, upande wa Kiwayu, watoto walikuwa wakizichonga vitu vya kuchezea toka miaka ya 1990. Kadi zimekuwa ghali sasa. Nikipiga hesabu ya leso, maganda na wembe, wakati mwingine ya dukani ingekuwa nafuu, na dada zangu hawachoki kunikumbusha.

Watoto ndio sijawamaliza. Nilipoacha kununua walipata wanunuzi wengine, vijana wanaotembeza shanga na makombe mbele ya mahoteli. Niliwaita uani, nikawaeleza habari ya ngozi laini inayolifunika gamba, na kaa, na pweza. Walisikiliza vizuri. Kisha mmoja, msichana mwenye ulimi mwepesi, akaniuliza: "Lakini anti, si wewe uliyesema zilizochujuka hazina bei?"

Nikamwambia ndiyo, ni mimi.

Akafikiri kidogo, akauliza champali nanunua kwa kilo au kwa moja moja. Mpaka leo hatujaafikiana. Yeye anataka za kushoto na za kulia zilipwe sawa na jozi, nami naona ananipunja.